Kuishi ugenini Filoti, kijiji cha mlimani kisiwani Naxos: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mtoto wa Tanga. Mume wangu ni Mgiriki aliyezaliwa na kukulia Athens, lakini babu yake mzaa baba alitoka Filoti, kijiji kilichojibanza kwenye ubavu wa mlima Zas, kisiwani Naxos. Nyumba ya babu ilikuwa imefungwa miaka mingi. Tukaja kuifungua, tukasema tutakaa mwaka mmoja tu. Huu ni msimu wangu wa sita wa baridi. Ndugu, marafiki na watu nisiowajua kabisa huniuliza maswali yale yale, basi nimeyaweka pamoja. Majibu ni ya kijiji kimoja katika kisiwa kimoja. Ukienda Krete au Corfu utayakuta mengine.

Naxos ni wapi hasa? Mbona si Santorini?

Naxos ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades, bahari ya Aegean. Kina kama kilomita za mraba 430, yaani takriban robo ya Unguja. Mlima Zas unapita kidogo mita 1,000, na ndio mrefu kuliko yote katika Cyclades. Wenyeji watakuambia Zeu mwenyewe, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, alilelewa pale, na ukibisha utapelekwa ukaonyeshwe pango.

Santorini ni pazuri, sikatai. Lakini Santorini na Mykonos zinaishi kwa mtalii, na mtalii akiondoka Oktoba sehemu kubwa ya mji hufunga milango. Naxos ina ng'ombe, mbuzi, mizeituni, mbatata zinazosifiwa Ugiriki nzima, na jibini iitwayo graviera ambayo jina lake linalindwa na sheria za Ulaya. Mtu mwenye mbuzi hafungi duka Oktoba. Kwa hiyo kijiji kina watu Januari, kina shule, kina mwokaji mikate. Ukitaka kuishi, si kutembea, tafuta kisiwa chenye mbuzi.

Mtanzania au Mkenya anaweza kuja tu akakaa?

Hapana. Kwanza viza. Viza ya matembezi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo ni za nchi zote za Schengen kwa pamoja. Usidhani ukienda Italia wiki moja hesabu inaanza upya.

Kukaa zaidi kunahitaji viza ya taifa, wanaiita aina ya D, kisha kibali cha ukaazi. Mimi nilipita mlango wa ndoa: mke au mume wa raia wa Ugiriki hupewa kibali cha miaka 5. Kuna mlango wa wanafunzi, wa wafanyakazi wa msimu, na tangu 2021 kuna wa watu wanaofanya kazi kwa mbali kwa mwajiri au wateja walio nje ya Ugiriki. Huo wa mwisho unadai kipato cha euro 3,500 kwa mwezi baada ya kodi, unaongeza asilimia 20 ukija na mwenzi na asilimia 15 kwa kila mtoto. Wengi wakisikia hesabu hiyo hukata simu, na siwalaumu.

Anzia ubalozini, si uwanja wa ndege wa Athens. Ugiriki ina ubalozi Nairobi. Atakayekuambia "njoo na ya utalii, tutabadilisha ukifika", mwogope, hasa akitaka umtumie pesa kwanza.

Na ile viza ya kununua nyumba?

Ipo, ila si ya mimi na wewe. Tangu 2024 kima cha chini kwa Athens, Thessaloniki, Mykonos, Santorini na kila kisiwa chenye watu zaidi ya 3,100 ni euro 800,000. Naxos imo. Tuendelee.

Karatasi zikoje?

Nyingi, na kila moja inataka nyingine ije kwanza. Muhimu kuliko zote ni AFM, namba ya mlipakodi. Bila AFM huwezi kusaini mkataba wa nyumba, huwezi kuunganishiwa umeme, huwezi kununua hata pikipiki kuukuu. Ya pili ni AMKA, namba ya hifadhi ya jamii, ambayo ndiyo funguo ya hospitali na dawa. Kwa shughuli ndogondogo kuna ofisi ziitwazo KEP, humo wanathibitisha saini na nakala.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi moja (siitaji) niliambiwa cheti changu cha kuzaliwa kina tatizo: jina la baba limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lilivyo kwenye pasipoti. Nikaenda na kurudi miezi minne kwa ajili ya herufi hiyo. Kabla hujaondoka nyumbani, kaa chini na vyeti vyako vyote, soma jina lako na la wazazi herufi kwa herufi. Ukiona Mohamed hapa na Mohammed pale, rekebisha hukohuko.

Na jambo dogo lililonisaidia: nenda asubuhi, salimia kila aliyemo chumbani kwa "kalimera", usianze na shida yako. Mswahili hapa ana faida, tumelelewa hivyo.

Nitapata nyumba ya kupanga?

Hili ndilo gumu kuliko viza. Nyumba zipo tele, nyingi zimefungwa. Kwenye vichochoro vya Filoti unapita milango yenye kufuli la kutu, mwenyewe yuko Athens au Australia, au warithi kumi na mmoja hawajapatana. Zilizo wazi, mwenye nyumba anazitaka kwa watalii. Kwa hiyo utaambiwa: "Kaa Oktoba hadi Mei, kisha utupishe." Kisheria mkataba wa nyumba ya makazi unakulinda kwa miaka 3, lakini kwenye visiwa wengi hukubali huo wa miezi minane kwa mdomo kwa kuwa hawana pengine. Hata walimu na madaktari wanaopangiwa kazi visiwani huhangaika, wengine hulala hotelini mpaka msimu uanze.

Usitafute kwenye simu. Panga chumba cha wiki mbili, kaa kijijini, sema dukani na kwa mwokaji kwamba unatafuta. Nyumba nzuri za kijiji hazitangazwi, zinasemwa. Na mkipatana, dai mkataba ulioandikishwa mtandaoni kwa mamlaka ya kodi, la sivyo huna anwani, na asiye na anwani hana kibali. Ushuru wa manispaa usiutafute kwenye bili ya peke yake, umo ndani ya bili ya umeme.

Baridi inakuwaje? Si kisiwa cha jua?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha zote mnazoziona ni za Julai.

Nyumba zetu ni za mawe, kuta nene kama dhiraa moja. Zilijengwa kukimbia joto. Januari zinageuka kuwa kisima. Nje kuna nyuzi 9 na jua, unafungua mlango wa nyumba yako mwenyewe unavaa koti. Si baridi ya theluji, ingawa juu ya Zas theluji huanguka miaka mingine. Ni unyevu. Nguo hazikauki siku tatu. Viatu vya ngozi nilivyotoka navyo Dar viliota ukungu wa kijani kabatini. Chumvi inaganda kwenye kidau. Tunapasha joto kwa jiko la kuni la chuma lililo sebuleni, na maisha yote kuanzia Novemba yanahamia kwenye chumba hicho kimoja. Vyumba vingine ni vya kukimbilia na kurudi.

Kuni ni za mzeituni, na zinanunuliwa Agosti. Mwaka wa kwanza hatukujua. Tukangoja Novemba, tukaletewa kuni mbichi zinazotoa moshi na machozi bila moto. Umeme nao ukakatika usiku mmoja wa upepo, tukakaa gizani tumejifunika mablanketi kama watu wa stesheni. Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi jirani, hatujazungumza naye zaidi ya salamu, amebeba kikapu cha kuni kavu kiunoni na juu yake sahani iliyofunikwa kitambaa. Ndani mna vitumbua, nikasema moyoni, maana vilifanana kwelikweli: vidonge vya unga vilivyokaangwa, vimemwagiwa asali ya zaatari. Vinaitwa loukoumades.

Kurudisha sahani tupu nisingethubutu, kwetu ni aibu. Siku mbili baadaye nikakaanga mahamri, nikampelekea kwenye sahani yake. Akakata moja, akanusa, akaniuliza hii harufu ni ya nini. Nikamwonyesha iliki. Aliitafuna mbegu moja muda mrefu, kisha akasema hata yeye hamrudishii mtu sahani tupu. Tangu siku hiyo ile sahani haijawahi kukaa kwa mtu mmoja zaidi ya wiki. Ina ufa sasa.

Mtu wa Agosti anaitwa mtalii hata akija miaka ishirini. Hesabu ya ukaazi wako wanaianza Novemba, taa yako ikionekana.

Mnafikaje huko? Na mkikwama?

Meli kubwa kutoka bandari ya Piraeus huchukua saa tano na kitu. Zile za kasi ni pungufu. Tiketi ya kawaida ni euro 40 na ushee. Kuna uwanja mdogo wa ndege, ndege za pangaboi hadi Athens, chini ya saa moja. Toka mji mkuu wa kisiwa, Chora, hadi kwetu ni nusu saa kwa gari, kona baada ya kona. Basi lipo, ila ratiba ya baridi ni nyembamba mno.

Sisi tuna kaskazi na kusi. Wao wana meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaovuma Julai na Agosti, mbingu ni safi kabisa bila wingu na bado bahari imechafuka. Upepo ukizidi kipimo, walinzi wa pwani hutoa katazo la meli kuondoka. Neno lake ni apagoreftiko, na utalijua kabla hujajua neno la kijiko. Siku hiyo maziwa ya pakiti yanaisha dukani, dawa hazifiki, na aliye na miadi ya ubalozi Athens anapiga simu kuomba radhi. Ukiwa na safari ya kwenda nyumbani Afrika Mashariki, toka kisiwani siku mbili kabla. Mimi nilikosa ndege mara moja, sikurudia.

Ukishakuwa mkazi wa kudumu, jiandikishe kwenye mpango wa serikali wa kufidia nauli za wakazi wa visiwani, upo tangu 2018. Wageni wengi hawaujui.

Kigiriki ni kigumu?

Herufi utazisoma ndani ya wiki. Sarufi ina jinsia tatu, na watu hulalamika, lakini mwenye kugawa ulimwengu katika ngeli za m-wa, ki-vi na u-zi asilalamikie jinsia tatu. Matamshi kwetu ni mepesi kuliko kwa Mwingereza: "th" na "dh" tunazo, "gh" ya ghali na ghafla wanayo pia. Nikisema "ghala", maana yake kwao ni maziwa. Nilicheka peke yangu dukani.

Kijijini Kiingereza kinaishia kwa vijana na wenye mikahawa. Wazee hawana, na wazee ndio kijiji.

Watu wanamchukuliaje mtu mweusi?

Watamtazama. Sitawadanganya. Miezi ya kwanza nilikuwa nikipita uwanjani, chini ya ule mti mkubwa wa platano, na kete za tavli, mchezo wao wa ubao, zinanyamaza mpaka nipite. Si chuki, ni vijiji vya milimani vinavyotazama kila kipya, hata gari. Watoto waliuliza kwa sauti, mama zao wakawafinya. Mara moja mtu mmoja Chora alinisemesha neno baya foleni, na mwanamke wa nyuma yangu nisiyemjua alimjibu kwa dakika nzima. Nilielewa nusu yake, nusu ile ilinitosha.

Kilichonishangaza ni kingine. Mgeni aliyezoeleka vijijini si Mzungu mstaafu. Ni Mualbania. Walianza kuja kwa wingi baada ya 1991, ndio waliozijenga upya kuta za mawe, ndio wanaochuma zeituni, na watoto wao wamesoma shule hapa. Waliyapitia mabaya mengi kabla yetu. Ukitaka kujua namna ya kuishi ugenini hapa, kaa na fundi wa Kialbania kabla ya kukaa na mimi.

Kuna mzee mmoja, alikuwa baharia wa meli za mizigo ujanani. Aliposikia natoka Tanga alisimama. "Tanga! Sizal!" Aliwahi kupakia mkonge pale. Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili, "haraka" na "pombe", na aliyatumia yote mawili kunikaribisha. Tanganyika ilikuwa na Wagiriki wengi kwenye mashamba ya mkonge na kahawa, na huku bado wako wenye ndugu aliyewahi kuishi Arusha au Moshi. Taja mji wako. Huwezi kujua nani atasimama.

Nitaacha lini kuwa mgeni?

Neno lao ni xenos. Lina maana mbili zile zile za neno letu: mtu asiye wa hapa, na mtu anayekaribishwa. Ila kipimo chake kijijini ni kikali. Mume wangu, mwenye jina la ukoo lililochongwa kwenye makaburi ya hapa, anaitwa "wa Athens". Jirani yetu aliyeolewa kutoka Apeiranthos, kijiji kinachofuata mlimani, amekaa hapa miaka 40 na bado husemwa "yule wa kule juu". Kwa hiyo usijione umeonewa.

Wakikutana nawe hawakuulizi jina. Wanauliza "Tinos eisai?", wewe ni wa nani? Kama vile bibi zetu wanavyouliza mtoto wa nani wewe. Mimi nina jibu rahisi: mimi ni nyfi, bibi harusi, mkwe wa nyumba fulani. Kijiji kizima kiliniita hivyo miaka mitatu kabla ya kushika jina langu. Asiye na ukoo hapa itabidi apate jibu lake kwa kazi: yule wa bustani ya chini, yule anayefundisha watoto Kiingereza, yule aliyesaidia kuchuma zeituni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe ni fimbo ya kupigia mzeituni, mwezi wa Novemba, na mgongo utauma.

Mwanamke anaweza kukaa kafeneio?

Kafeneio ni baraza la kahawa. Zamani lilikuwa la wanaume watupu, siku hizi wanawake huketi, ila saa za asubuhi bado ni za wazee na tavli. Mimi huketi. Kahawa ni ya birika dogo lenye mkono mrefu, na inaagizwa kwa kiwango cha sukari: sketo haina, metrio ya wastani, glyko tamu. Mwenye kujua kahawa ya Forodhani atakosa tangawizi, mengine atayatambua. Kahawa moja inakaliwa saa mbili na hakuna anayekufukuza. Ugomvi ni wakati wa kulipa: wote wanataka kulipa, na mgeni hashindi. Usibishane. Lipa kesho yake kabla hawajafika.

Saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu usipige simu, usitoboe ukuta, usimtembelee mtu. Ni saa za utulivu kwa sheria, na kwa kijiji ni zaidi ya sheria.

Mwislamu atakula nini?

Nyama halali kisiwani sijaiona. Ninaileta kutoka Athens kwenye boksi la barafu, kule maduka yapo. Msikiti rasmi wa Athens ulifunguliwa 2020, eneo la Votanikos. Hapa unasali nyumbani.

Lakini usiogope njaa. Waorthodoksi wanafunga siku nyingi mno, na Kwaresma yao haina nyama, maziwa, mayai wala samaki wa miiba. Kwa hiyo kila mama anajua kupika kunde, dengu, maharage makubwa ya oveni, na mboga za porini ziitwazo horta, zinazochumwa mlimani baada ya mvua, zikachemshwa na kutiwa ndimu na mafuta ya zeituni. Ukila utakumbuka mnavu. Pweza anaruhusiwa kwenye mfungo, anaanikwa kwenye kamba kama nguo, kisha anachomwa. Jifunze neno nistisimo, la mfungo. Ukilisema, nguruwe ameondoka mezani bila maelezo marefu.

Pombe utapewa kila nyumba, zaidi ya yote kitron, inayotengenezwa kwa majani ya mbalungi mkubwa katika kijiji cha Chalki. Sema unatumia dawa, au sema ukweli; mimi nilisema ukweli, nikapewa kijiko cha matunda yaliyochemshwa na sukari na glasi ya maji. Ndiyo heshima ya zamani zaidi.

Lazima niende kanisani?

Hapana, lakini kalenda ya kijiji ni ya kanisa. Watu hawashughuliki sana na siku ya kuzaliwa; husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lao, na siku hiyo mlango uko wazi, huhitaji mwaliko. Unaingia, unasema "chronia polla", unakula keki, unatoka. Pasaka usiku wa manane huwa kila mtu nje na mshumaa, mpaka wasioamini. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na hapa Filoti ndiyo sikukuu yetu kubwa: violini na laouto mpaka alfajiri, na nusu ya Athens imerudi.

Padri wetu hakujua kwamba Kenya kuna Waorthodoksi wanaosali kwa Kiswahili. Nilimwambia "Bwana hurumia" ndiyo Kyrie eleison. Jumapili iliyofuata alilitamka mbele ya watu, na lafudhi yake ilikuwa si mbaya.

Mtu wa mashairi asikose kwenda Apeiranthos. Kule wanajibizana kwa beti za papo hapo zenye vina, mmoja anarusha, mwingine anadaka. Sijui niseme nini zaidi kwa wasomaji waliokulia kwenye malumbano.

Mbona wanatema mate mtoto akisifiwa?

Hawatemi kweli, wanasema "ftou, ftou, ftou". Ni kinga ya kijicho. Sisi tungesema mashaallah. Kuna bibi wanaosoma maneno ya siri juu ya maji na mafuta kumwondolea mtu jicho, na hupiga miayo wakisoma, miayo ikizidi jicho lilikuwa kali. Nilisomewa mara moja kwa ajili ya kichwa kuuma. Kiliacha. Nilikuwa pia nimekunywa panadol.

Nikiugua?

Chora kuna hospitali ndogo ya serikali, na vijijini hupangiwa madaktari vijana wanaotumikia mwaka wao wa lazima. Ni wazuri, ila kila mwaka unaanza upya na mwingine. Mambo makubwa ni Athens, kwa meli, na dharura kwa helikopta upepo ukiruhusu. Namba ya dharura ni 112, gari la wagonjwa 166. Mwenye ugonjwa wa moyo au mimba yenye matatizo, kwa kweli nisingemshauri mlimani majira ya baridi.

Kazi zipo?

Mei hadi Oktoba, ndiyo: jikoni, usafi, mahoteli. Saa ni ndefu, na wapo wenye mikahawa wanaoandika saa nne na kukufanyisha kumi. Dai mkataba na michango ya bima iandikwe, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kuongeza kibali. Novemba kuna zeituni. Januari kuna jiko la kuni. Mimi ninatafsiri kwa mbali, na intaneti inatosha.

Maji ya bomba yanafaa?

Filoti tuna chemchemi za mlimani, tunakunywa. Pwani wengi hununua. Lakini 2024 mvua ilikosekana, mabwawa makubwa ya kisiwa yakakauka, na ikabidi mitambo ya kusafisha maji ya bahari iletwe. Tangu hapo nakinga maji ya kuoshea mbatata na kumwagilia nayo nyanya. Na kwa kuwa lazima mtu aseme: karatasi ya chooni haiingii chooni, mabomba ni membamba. Kuna kikapu pembeni. Utazoea.

Matetemeko?

Yapo. Februari 2025 ardhi kati ya visiwa vya Santorini na Amorgos ilitetemeka maelfu ya mara, watu wengi wa Santorini wakaondoka. Huku kwetu vikombe vililia kabatini. Wazee walizungumzia la 1956, lililopiga Amorgos na Santorini vibaya, kana kwamba ni la juzi. Kiangazi hofu ni moto. Ujumbe wa 112 ukilia kwenye simu, usimalize kuusoma ukiwa umekaa.

Nije lini kuonja, na nilete nini?

Njoo Februari, wiki mbili. Leta soksi za sufu, vyeti vyako halisi, na kitenge cha kumpa jirani. Na iliki, leta iliki nyingi. Chora zinauzwa kwenye kichupa kidogo kama cha wanja, bei yake ya kuudhi, na bibi jirani sasa ananimalizia.